Chuo bado kinanihesabu, na niliacha masomo 2021

Wiki jana nilikuwa kwenye matatu natoka tao, simu ikatetemeka mfukoni. Nikajua ni pesa. Kuna mteja mmoja niliyemwandikia kazi mwezi uliopita na kila siku ananiambia "kesho". Kutoa simu, si mteja. Ni chuo. "Mpendwa mwanafunzi, una salio la karo la Sh21,300. Lipa kabla ya mitihani kuanza."

Nikacheka peke yangu hadi dada aliyekaa kando yangu akavuta mkoba wake karibu.

Niliacha chuo hicho Machi 2021. Sijakanyaga pale tena. Mitihani gani hiyo wananiambia? Lakini kwenye rejista yao mimi bado ni mwanafunzi, tena mpendwa. Jina la chuo naliweka kando, kwani si hicho peke yake. Wewe unayesoma hapa pengine ulishapokea ujumbe kama huo, ukiwa kwa mjengo ama umesimama nyuma ya kaunta ya duka la simu.

Deni silikatai, ni langu. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hii huo ndio ujumbe wa aina moja tu niliowahi kutumiwa. Hakuna hata siku moja mtu alipiga simu akauliza, "Kijana, mbona hukurudi?"

Wacha nikueleze ilivyokuwa, halafu tuongee pesa, maana hii ni hadithi ya pesa.

Nilikuwa nasomea diploma ya uanahabari katika chuo cha kiufundi cha serikali. Hesabu ya vyuo hivyo wakati huo ilikuwa rahisi. Tangu 2018 karo ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka. Serikali ilikuwa inatoa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi, na Sh26,420 zilizobaki mwanafunzi alizitafuta, kwa mkopo wa HELB ama kwa mfuko wa mzazi. Mimi nilikuwa wa mfuko wa mzazi. Mama alikuwa na kibanda cha mboga Kayole. Corona ilipoingia 2020 na kafyu ikaja, biashara ya jioni ikafa, na kama hujui, mboga huuzwa jioni, watu wakitoka kazini. Mama akala mtaji wake mwenyewe, kidogo kidogo, hadi kibanda kikabaki mbao tupu.

Vyuo vilipofunguliwa nikarudi na deni. Nikakaa darasani wiki kadhaa, mwanafunzi mzuri tu, nakaa mbele. Siku ya kuchukua kadi ya mtihani nikafika dirishani. Karani hakuinua hata macho. "Maliza karo kwanza." Nikageuka nikatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuhitimu.

Usinihurumie, nipo sawa, nakula. Lakini jiulize siku ile nani alipoteza. Mimi nilipoteza karibu miaka miwili. Mama alipoteza kila shilingi aliyokuwa ameweka. Serikali, yaani wewe na mimi tunaolipa ushuru, ilipoteza pesa ilizolipa juu yangu. Na chuo? Chuo hakikupoteza kitu. Muhula uliofuata kikasajili wengine, rejista ikajaa, mgao ukahesabiwa upya. Zile Sh30,000 zilikuwa zinafuata jina lililo kwenye karatasi. Kama mwenye jina yuko kwenye kiti ama yuko Kayole akibeba viazi, hiyo si shida ya hesabu.

Hapa ndipo nataka kuuliza swali ambalo ukiliuliza mbele ya wahadhiri wanakukazia macho. Kama serikali ingelipa vyuo kwa wanafunzi wanaosonga mbele na kumaliza, badala ya wanaosajiliwa, je, kuna mtu angenipigia simu?

Swali hilo si langu, na si jipya. Kuna jimbo moja la Marekani, Tennessee, lile la Nashville na Memphis, ambalo limekuwa likilijaribu tangu 1979. Kule kila jimbo hufadhili vyuo vyake vya umma, na kwa miaka mingi hesabu ilikuwa kama yetu: umesajili wangapi, chukua pesa zako. Tennessee ikaanza polepole. Ikaweka kiasi kidogo, karibu asilimia mbili juu ya mgao wa kawaida, kwa chuo kinachoonyesha matokeo mazuri. Baadaye kikapanda hadi asilimia tano na ushei. Ilikuwa kama bakshishi tu. Ukiikosa, maisha yanaendelea.

Halafu 2010 wakapitisha sheria mpya, na hii haikuwa bakshishi tena. Karibu pesa zote ambazo jimbo linagawia vyuo zikaanza kufuata matokeo. Idadi ya waliosajiliwa ikatolewa kwenye hesabu. Yaani ukisajili wanafunzi elfu kumi na wote watoweke kabla ya mtihani, hupati kitu kwa vichwa vyao.

Kilichonifanya nisome habari hizo hadi saa nane usiku ni jinsi walivyopanga hesabu yenyewe. Hawakulipia cheti peke yake. Kwa vyuo vya miaka miwili, ambavyo ndivyo viko karibu zaidi na vyuo vyetu vya kiufundi, mwanafunzi akifikisha krediti 12 chuo kinahesabiwa. Akifikisha 24 kinahesabiwa tena. 36, tena. Ni kama kondakta anayelipwa kila steji abiria akiwa bado ndani ya gari. Abiria akishuka njiani, hasara inaonekana hapo hapo. Hausubiri kufika mwisho wa safari ndio ujue kuna mtu uliacha Pangani.

Na kuna kitu kingine, ambacho mimi nakipenda zaidi. Mwanafunzi anayetoka familia maskini, ama mtu mzima wa miaka 25 kwenda juu aliyerudi shule, alihesabiwa kwa asilimia 40 zaidi. Mtoto wa mama mboga akifika steji, chuo kinapata zaidi kuliko mtoto wa wakili akifika steji hiyo hiyo. Soma hiyo sentensi tena. Kwetu mtoto wa mama mboga ndiye wa kwanza kutolewa kwenye foleni.

Sasa niweke mimi ndani ya hesabu hiyo. Nilikuwa nimeshapita steji mbili nzima. Siku niliyogeuka pale dirishani, kuna mtu kwenye ofisi fulani angekuwa ameona pesa za chuo zikitembea kuelekea getini. Angenikimbilia, si kwa upendo, kwa sababu ya bajeti. Mimi sina shida na hiyo. Upendo wa chuo sikuutaka, nilitaka kadi ya mtihani.

Lakini subiri kabla hujapiga makofi.

Majimbo mengi yaliiga, zaidi ya nusu ya Marekani, na kila moja likaongeza chumvi yake. South Carolina ndiyo inayonichekesha. Mwaka wa 1996 walipitisha sheria ya kufunga pesa zote za vyuo kwenye vigezo 37. Thelathini na saba! Hata mtihani wa leseni ya udereva hauna mambo mengi hivyo. Baada ya miaka michache wakaiacha.

Cha maana zaidi ni yale yaliyotokea mahali ambapo mpango ulishika. Jimbo la Washington lilianza wa kwake 2007. Watafiti walipolinganisha vyuo vya kule na vya majimbo mengine, katika utafiti uliotoka 2015, wakakuta diploma za miaka miwili hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vyeti vifupi, vile vya kozi za chini ya mwaka. Mimi wa Kayole sikuhitaji profesa kunifafanulia hiyo. Ukilipwa kwa idadi ya chapati, unakanda chapati ndogo.

Kule Indiana ikawa mbaya zaidi. Vyuo vikuu vilivyowekwa chini ya mpango huo vikaanza kuchagua zaidi. Sehemu ya waombaji waliokubaliwa ikashuka, na idadi ya wanaohitimu haikupanda kuwashinda wenzao wasio kwenye mpango. Inaeleweka. Njia rahisi ya kuongeza asilimia ya wanaomaliza ni kutomsajili kabisa yule unayeona atakusumbua. Na huyo ni nani? Ni yule mwenye gredi ya kusukumasukuma, aliyejaza fomu bila jina la baba na anaitwa kila mwezi kwa sababu ya karo. Ni mimi. Mpango uliotengenezwa ili mtu kama mimi amalize ukageuka kuwa mpango wa kuhakikisha mtu kama mimi haingii.

Lakini kwani tulihitaji Indiana itufundishe haya? Wewe ulisoma sekondari Kenya. Unakumbuka wastani wa shule. Unakumbuka yule mwenzako wa kidato cha tatu aliyeambiwa arudie darasa, ama akajiandikishe mtihani katika kituo kingine, ili asiangushe alama za shule siku ya matokeo. Unakumbuka shule zilizokuwa zikibeba mwalimu mkuu juu juu na kuimba. KCSE ya 2015 ilitoa A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata serikali ikakaza mitihani, na A zikawa 141. Mia moja arobaini na moja, nchi nzima. Zile zingine nyingi hazikupotea mahali. Hazikuwepo.

Hivyo ndivyo huwa tukiambiwa kuna kitu kitahesabiwa. Tukihesabiwa kwa alama, alama zinapanda. Tukihesabiwa kwa majina kwenye rejista, wanazaliwa wanafunzi hewa, na habari za wanafunzi hewa si ngeni kwako. Hakuna kipimo ambacho Mkenya hawezi kukizoea kwa wiki mbili.

Kwa hivyo niko wapi? Nimekaa na jambo hili muda, na nimefikia mahali ambapo huenda hatutaelewana, mimi na wewe. Naona bado wazo la Tennessee ni zuri kuliko tulilo nalo, lakini si kila mahali, na si kwa pesa zote.

Anza na vyuo vikuu. Huko ningesema hapana, kwa sasa. Mhadhiri ndiye anayefundisha, ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayesahihisha. Ukiambia chuo kitalipwa kwa wanaofaulu, umemwambia mhadhiri asahihishe kwa huruma. Watafiti waliozungumza na wafanyakazi wa vyuo huko Indiana, Ohio na Tennessee waliambiwa waziwazi kwamba kulegeza viwango ni hatari wanayoiona. Kwetu ambako makomredi bado wanazunguka korido na karatasi wakitafuta alama zilizopotea, hatari hiyo ni mara mbili.

Vyuo vya kiufundi ni tofauti, na hili sioni watu wakilisema. Huko chuo hakijisahihishi peke yake. Mitihani ya mwisho hutoka nje, kwa KNEC ama kwa TVET CDACC. Anayelipwa si yule anayetoa alama. Mlango mkubwa wa wizi umefungwa tayari, bila kuongeza hata ofisi moja mpya. Kama kuna mahali Kenya inaweza kujaribu kulipia steji, ni hapo: mwanafunzi amemaliza moduli ya kwanza, mtihani umetoka nje, amefaulu, chuo kipewe chake. Moduli ya pili vivyo hivyo. Na yule wa familia isiyojiweza ahesabiwe zaidi, la sivyo tutajenga Indiana yetu hapa Buruburu.

Halafu kuna vyuo vya walimu. Hapo ndipo hesabu hii yote inakwama, na nakuomba usikimbie, kwa sababu huyu mwalimu ndiye atamfundisha mtoto wako.

Binamu yangu aliingia chuo cha walimu 2021, kundi la kwanza la diploma mpya ya shule za msingi baada ya kile cheti cha P1 kuondolewa. Miaka mitatu. Alimaliza. Hakuacha kama mimi, familia ikamfanyia sherehe, mbuzi akalala chini. Leo ni mwalimu wa BOM, yule anayelipwa na shule kutoka kwa kile wazazi wanachochanga. Miezi mingine anapata Sh8,000, mingine anapata ahadi. Anangoja TSC. Ameomba hata uanagenzi, ule wa Sh15,000 kwa mwezi kwa walimu wa msingi, na anauomba kwa hamu utadhani ni kazi ya benki.

Sasa nipe kipimo cha chuo chake. Ukisema chuo kilipwe kwa wahitimu wanaopata kazi, chuo chake kimefeli. Lakini anayeajiri ni TSC, kwa bajeti inayopitishwa na Bunge. Mkuu wa chuo hata akifundisha kama malaika hawezi kufungua nafasi moja ya kazi. Utakuwa unamkata mshahara mpishi kwa sababu mteja hana pesa.

Basi tupime kwa namna wanafunzi wa wahitimu wake wanavyofaulu? Marekani walifikiria hivyo pia. Oktoba 2016, serikali ya Obama ilitoa kanuni za kuzipanga programu za kufundisha walimu kwa madaraja, kwa kuangalia wahitimu wameajiriwa wapi, wamebaki kazini ama wametoroka, na watoto wanaowafundisha wanajifunza kiasi gani. Programu ikiwa chini kwa miaka, wanafunzi wake wangekosa ruzuku inayoitwa TEACH, ambayo ilikuwa inafika dola 4,000 kwa mwaka. Kelele zikapigwa. Vyuo vikasema vitaadhibiwa kwa kupeleka walimu kwenye shule ngumu. Machi 2017 Bunge lao likafuta kanuni hizo kabla hazijauma mtu, na Trump akatia sahihi.

Siwapendi sana watu wanaopinga kupimwa, lakini kwa hilo walikuwa na hoja. Ilete hapa kwetu. Chuo kimoja wahitimu wake wengi wanafundisha Kiambu, kingine wengi wako Mandera. Mapema 2020 walimu wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera baada ya wenzao kuuawa. Madarasa yakabaki matupu. Ungepima vipi chuo kilichowafunza walimu hao mwaka huo? Walimu wake "hawakubaki kazini". Watoto wao "hawakufaulu". Kwa kipimo hicho chuo kingekatwa pesa kwa sababu ya bunduki. Na mwaka unaofuata, mkuu wa chuo mwenye akili angewashauri vijana wake waombe kazi karibu na lami.

Chuo cha walimu kilipwe kwa kilicho mikononi mwake. Je, mwanafunzi amekaa hadi mwaka wa tatu? Akiwa kwa mazoezi ya kufundisha, kuna mkufunzi aliyefika darasani kumtazama, ama alipigiwa simu akajazwa alama? Binamu yangu aliniambia waziwazi, miezi yake ya mazoezi ndiyo ilimfanya awe mwalimu, na ndiyo sehemu iliyofadhiliwa vibaya zaidi. Nauli ya mkufunzi ilikuwa shida. Hiyo inaweza kuhesabiwa, inaweza kulipiwa, na haihitaji kumpiga mtoto wa darasa la nne mtihani mwingine.

Turudi kwa serikali yetu, maana najua kuna mtu anataka kuniambia kwamba tayari tuna mpango mpya. Tunao. Rais Ruto aliuzindua Mei 2023. Badala ya kutumia vyuo mgao wa jumla, pesa zikamfuata mwanafunzi: ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kulingana na hali ya kwenu. Baadaye zikaja bendi tano. Bendi ya kwanza familia inatoa asilimia 5, ya tano inatoa 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na mpango ukaendelea.

Umeona vile nchi nzima ilibishana? Nani yuko bendi gani, kwa nini mtoto wa bodaboda amewekwa na mtoto wa mbunge. Yalikuwa malalamiko ya haki. Lakini yote yalikuwa ya mlangoni, wakati wa kuingia. Bendi inauliza mzazi wako anafanya kazi gani na mnaishi nyumba ya aina gani. Hakuna bendi inayouliza, muhula wa pili, kama bado upo. Tumetumia nguvu zote kupanga watakaoingia na hakuna aliyewekwa kwenye mlango wa kutokea.

Wahadhiri nao wananijibu: wewe kijana, hizo pesa za kulipia steji zitatoka wapi, wakati hata za kawaida hazifiki kwa wakati? Hapo wamenishika. Waligoma 2024 kwa ajili ya mkataba uliokuwa umetiwa sahihi tayari. Ukiambia chuo "maliza kazi nikulipe" na chuo kinajua hulipi hata kwa kazi iliyokwisha, umekuwa kama yule mteja wangu wa "kesho". Kwa hivyo kabla ya Tennessee, lipeni madeni. Na hata mkianza, msianze na pesa zote. Tennessee yenyewe ilianza na asilimia mbili na ikakaa miaka thelathini kabla ya kuruka. Wekeni sehemu ndogo, ambayo chuo kikiikosa kitaumia bila kufa, na muitangaze mapema, si katikati ya mwaka.

Kuna kitu cha mwisho nilisoma ambacho hakikunitoka kichwani. Huko Atlanta kuna chuo kikuu kinaitwa Georgia State. Walikuwa wakiwaondoa wanafunzi kwenye masomo kila muhula kwa sababu ya karo, wengine wakiwa karibu kabisa kumaliza, kwa madeni madogo. Kuanzia 2011 wakaanza kuwalipia. Si karo yote, ni kile kipande kilichobaki. Kwa wastani kilikuwa kama dola 900. Hawakuwa wanafanya ukarimu. Walipiga hesabu wakaona mwanafunzi akitoka leo, karo yake ya mihula yote iliyobaki imetoka naye. Ni rahisi kumwekea 900 abaki kuliko kumpoteza. Chuo hicho hakikuhitaji hata jimbo kukiambia.

Niliposoma hapo nikachukua kikokotoo cha simu. Deni langu, Sh21,300. Pesa za serikali juu yangu kwa mwaka mmoja, Sh30,000. Chuo kilichonifukuza dirishani kingenisamehe deni lote, kisubiri mgao wa mwaka mmoja tu, na bado kibaki na Sh8,700. Hakuna aliyefanya hiyo hesabu, kwa sababu hakuna aliyekuwa analipwa kuifanya.

Jana usiku niliamua kujibu ule ujumbe. Nikaandika vizuri, kwa heshima, bila sheng: niliacha masomo 2021, sikumaliza, nauliza kama naweza kurudi mwaka wa pili na nilipe deni polepole. Nikatuma. Simu ikaniambia ujumbe haukufika. Namba ile ni ya kutuma tu, haipokei.

Jumatatu nitaenda mwenyewe. Nina elfu nane kwenye M-Pesa, na yule mteja ameniapia kesho. Nitapanga foleni pale pale dirishani, nione kama karani ni yule yule na kama safari hii atainua macho.